Mara imekalia dhahabu, kidato cha tano hakina jiolojia

*Mwanafunzi anaweza kufaulu swali la miamba bila kushika jiwe hata moja. Je, jiolojia ianzishwe kama somo kabla ya chuo kikuu, au Jiografia iliyopo ifundishwe upya?*

Na Mwandishi Wetu, Musoma

NYEGINA, nje kidogo ya mji wa Musoma, haina uhaba wa mawe. Yapo shambani, yapo njiani, yapo nyuma ya nyumba. Mengine yamepandana kwa namna inayomfanya mgeni asimame atazame. Mkulima hulima akiyakwepa, fundi huyapasua apate kokoto na mawe ya msingi, watoto huyaparamia wakitoka shule.

Okota kipande kilichovunjika karibuni, kigeuze juani. Utaona chembe za aina tatu: moja nyeupe yenye ung'avu wa kioo, ya pili ina wekundu wa mbali, ya tatu nyeusi inayometameta. Hiyo nyeusi ukiichokonoa kwa ncha ya kisu hubanduka tabaka kwa tabaka. Ukijaribu kuikwaruza ile nyeupe, kisu ndicho kinacholika.

Hiyo ni graniti, na chembe zake ni kwatsi, feldispa na maika. Graniti ya ukanda huu iliganda ikiwa chini sana ya ardhi, zaidi ya miaka bilioni 2.5 iliyopita. Imefika juu kwa sababu vilivyoifunika vimemomonyoka na kuchukuliwa na maji.

Kijana wa hapa anayetaka kulijua jiwe hilo kwa undani hukwama mapema, kwenye Selform, fomu ambayo mwanafunzi wa kidato cha nne huchagulia masomo ya kidato cha tano na vyuo. Atakuta Fizikia, Kemia, Baiolojia, Jiografia na Hisabati. Jiolojia hataikuta.

Akitaka kuwa mjiolojia, asubiri chuo kikuu, na hapo katikati achague masomo mengine huku akiomba Mungu yasije yakamfungia mlango.

Katika mkoa ambao watu wamechimba dhahabu tangu enzi za ukoloni, suala hilo linagusa mfuko wa mtu. Linagusa nani anayeajiriwa kusoma ramani ya mgodi na nani anayeajiriwa kubeba gunia la mawe.

Kombi zinazopishana

Ugumu hauishii kwenye jina la somo. Mjiolojia anahitaji kemia ajue jiwe limeundwa na nini. Anahitaji fizikia ajue limekandamizwa na kupindwa vipi. Anahitaji jiografia ajue limekaaje katika nchi na maji yanapita wapi.

Sasa zipange kombi za sayansi zilizozoeleka. PCM ina fizikia na kemia, jiografia haina. PCB vilevile. PGM ina fizikia na jiografia, kemia haina. CBG ina kemia na jiografia, fizikia haina. Kila moja inabeba mawili na kuliacha la tatu.

> PCM haina jiografia, PGM haina kemia, CBG haina fizikia. Mjiolojia anayahitaji yote matatu.

Machi 2024 serikali ilitangaza tahasusi, yaani kombi, mpya 49 juu ya 16 zilizokuwapo, jumla zikawa 65, na wahitimu wa kidato cha nne wa mwaka 2023 wakapewa nafasi ya kubadili machaguo yao. Michezo, sanaa, lugha na elimu ya dini zilipata nafasi pana kuliko awali. Jiolojia haikuingia kama somo linalojitegemea.

Mambo yake yamo ndani ya Jiografia. Mwanafunzi husoma muundo wa dunia, aina za miamba, volkano, matetemeko, mikunjo na mipasuko. Sekondari ya chini huanza nayo, kidato cha tano na sita huyarudia kwa kina zaidi.

Tatizo lipo kwenye namna ya kuyapima. Mtihani wa Jiografia wa kidato cha sita una karatasi mbili, zote za kuandika. Kipo kipengele cha ramani, picha na upimaji, lakini nacho hujibiwa kwa kalamu. Fizikia, Kemia na Baiolojia zina karatasi ya tatu, ya maabara, ambayo mtahiniwa hupewa vifaa akaambiwa afanye.

Matokeo yake yanafahamika kwa aliyewahi kukaa kwenye dawati. Mwalimu huandika ubaoni kwamba miamba ni ya aina tatu: ya moto, ya tabaka na iliyogeuka. Wanafunzi hunakili, hukariri mifano, huenda kwenye pepa. Jiwe lililoko nje ya dirisha halina swali, kwa hiyo halina haja ya kuokotwa.

Nini kiko chini ya Mara

Graniti ni upande mmoja tu wa jiolojia ya mkoa huu. Upande wa pili ndio wenye fedha.

Kutoka maeneo ya Musoma kwenda Butiama na Tarime umepita mkanda wa miamba ya kale ambao wataalamu huuita wa miamba ya kijani, kwa sababu ya rangi ya madini yaliyojitengeneza ndani ya lava iliyopashwa joto na kukandamizwa. Chanzo chake ni volkano na matope ya bahari za zamani sana, kabla dunia haijajua mmea wala samaki. Graniti ilipanda baadaye ikaipenya na kuizunguka.

Maji ya moto yaliyokuwa yakipita kwenye nyufa za miamba hiyo yalibeba dhahabu. Yalipopoa au kukutana na mwamba wa kemia tofauti, yaliiacha, mara nyingi pamoja na kwatsi na pairiti. Ndiyo maana mchimbaji hufuata mshipa mweupe wa kwatsi akiutarajia, na ndiyo maana mara nyingine hupotea: dhahabu hufuata ufa, na ufa hupinda, hukatika, huhamishwa na mpasuko mwingine.

Mkanda huu ni ndugu wa ile inayobeba Geita na Bulyanhulu upande wa pili wa Ziwa Victoria. Kwa Mara, umetoa Kiabakari na Buhemba huko Butiama, migodi iliyoanza kuchimbwa wakati wa ukoloni. Umetoa North Mara kule Nyamongo, Tarime, mgodi mkubwa ulioanza uzalishaji mwaka 2002 na leo unaendeshwa na Barrick, serikali ikiwa na hisa za asilimia 16.

Wachimbaji wadogo nao wana ramani yao. Wanapataja Seka, Musoma Vijijini. Wanapataja Kinyambwiga, Bunda. Wanapataja Buhemba, ambako maduara mapya yamechimbwa pembeni ya mashimo ya wazee.

Seka ipo kata moja na Kasoma, kata ya Nyamrandirira, na Kasoma kuna sekondari yenye kidato cha tano na sita. Mwanafunzi wa shule hiyo anaweza kusoma Jiografia miaka miwili jirani kabisa na wachimbaji wa dhahabu, bila mtaala wake kumtaka aende kuangalia.

Msumari, kigae na lenzi

Wanaotaka jiolojia ianzishwe mapema hutaja kwanza uchumi. Mwaka 2024 sekta ya madini ilifikia asilimia 10.1 ya Pato la Taifa, kutoka asilimia 9.0 mwaka 2023. Sekta ya ukubwa huo, wanasema, haiwezi kusubiri mtoto afike miaka 20 ndipo aambiwe jinsi madini yanavyojitengeneza.

Lakini hoja yao yenye nguvu zaidi iko mwaloni, mahali ambapo mawe yaliyosagwa kwenye karasha huoshwa.

Chukua chembe ya njano inayong'aa ndani ya karai. Inaweza kuwa dhahabu. Inaweza kuwa pairiti, madini ya chuma na salfa ambayo yamewaumiza moyo wachimbaji wengi. Kuzitofautisha hakuhitaji mashine.

Geuza kigae cha sakafuni, upande wa nyuma usio na ung'avu, uiburuze ile chembe. Dhahabu huacha mstari wa njano. Pairiti huacha mstari mweusi unaoelekea kijani. Igonge kwa nyundo: dhahabu hubonyea na kutandazika, pairiti husagika. Dhahabu ina uzito mara 19 ya maji ya ujazo uleule, pairiti mara tano hivi, na hapo ndipo penye siri ya karai: ukilizungusha, maji huondoka na chepesi, kizito hubaki chini.

Msumari, kigae na lenzi ndogo ya mkononi. Hiyo ni nusu ya vifaa vya maabara ya jiolojia ya mwanzo.

Mchimbaji mzoefu anayajua haya kwa mkono. Asichokijua mara nyingi ni kinachotokea kwa dhahabu iliyofungwa ndani ya pairiti. Zebaki, ambayo hutumika kunasa dhahabu, haiifikii. Dhahabu hiyo huondoka na mchanga uliokwisha kuoshwa, ule unaoitwa marudio, na marudio hayo huuzwa kwa mwenye mtambo wa sayanaidi. Mwenye mtambo anajua kilichomo. Muuzaji anakisia.

> Mwenye mtambo anajua kilichomo ndani ya marudio. Muuzaji anakisia.

Hesabu ya namna hiyo hufanywa kila siku mkoani. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kupunguza zebaki mwaka 2020, lakini mchimbaji hataiacha zebaki kwa kusomewa mkataba. Ataiacha akielewa njia nyingine itakayompa gramu nyingi zaidi kutoka gunia lilelile, na kuelewa huko ni kemia ya mawe.

Maji, milima na mito

Jiolojia haiishii kwenye dhahabu, na hili watetezi wake hulisahau wakati mwingine.

Kijiji kinachochimba kisima juu ya graniti kinacheza na bahati kama hakina mtaalamu. Graniti nzima haina maji ndani yake. Maji hukaa kwenye nyufa na kwenye udongo wa mwamba uliooza juu yake. Mita chache kushoto au kulia huamua kama pampu itafungwa au fedha za mradi zitabaki shimoni.

Mwaka 2009, mzozo wa maji ya mto Tigithe, jirani na mgodi wa North Mara, uliwakutanisha wanakijiji, kampuni na serikali. Kiini chake kilikuwa kemia ileile ya pairiti: jiwe lenye salfa likifukuliwa likakutana na hewa na maji, hutoa tindikali. Katika mvutano wa namna hiyo, upande usio na mtu wa kusoma majedwali ya maabara huongea kwa hasira tu, na hasira haiwekwi kwenye ripoti.

Nje ya mkoa, mifano ni mizito zaidi. Septemba 10, 2016 tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliipiga Kagera, ng'ambo ya ziwa, likaua na kubomoa nyumba nyingi Bukoba na jirani zake. Desemba 3, 2023 sehemu ya Mlima Hanang iliyokuwa na miamba dhoofu ilishiba maji ya mvua, ikameguka, na tope likaifikia Katesh. Watu 89 walipoteza maisha.

Watu wanaoishi chini ya mlima wana haki ya kujua mlima umetengenezwa na nini. Wengi wao hawatafika chuo kikuu. Wakifundishwa, watafundishwa sekondari.

Upande wa pili wa hoja

Wanaopinga nao wana hoja, na si za mtu mvivu.

Ya kwanza ni walimu. Shule nyingi za kata bado zinahangaika kupata wa Fizikia na Hisabati. Mhitimu wa jiolojia aliyepata kazi mgodini au kwenye kampuni ya utafiti haachi mshahara huo aende kushika chaki kijijini. Kuandika somo kwenye mtaala bila mwalimu ni kuongeza mstari kwenye ratiba.

Ya pili ni umri. Mwanafunzi wa miaka 17 anayechagua kombi ya jiolojia anafunga milango ya udaktari na pengine ya uhandisi. Bei ya dhahabu ikishuka, kampuni za utafiti ndizo za kwanza kufunga ofisi. Mzazi wa Nyegina anayeuza ng'ombe amsomeshe mtoto anataka kombi yenye njia tatu za kutokea.

Ya tatu ni ya wanataaluma wenyewe. Idara ya Jiolojia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilianzishwa mwaka 1974. Kwa nusu karne imepokea vijana wasio na jiolojia ya sekondari, imewaanzishia sifuri, na imetoa wataalamu walioshika sekta. Wanaoamini hivi husema mpeni mtoto kemia, fizikia na hesabu zilizokaa sawasawa, mawe tutamfundisha sisi.

Mfano wao uko hapa hapa. Profesa Sospeter Muhongo, mzaliwa wa Musoma Vijijini, alikuwa profesa wa jiolojia Dar es Salaam kabla ya kuwa Waziri wa Nishati na Madini mwaka 2012, na mwaka 2015 akachaguliwa mbunge wa jimbo lake la nyumbani. Hakuhitaji kombi ya jiolojia kufika huko.

Hoja hiyo ina kweli, ila inamtazama aliyefika. Haisemi lolote juu ya yule aliyekuwa na uwezo uleule, akachukua HGL, kombi ya historia, jiografia na Kiingereza, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwambia kwamba mawe ya nyumbani kwao ni taaluma.

Njia ya Dodoma

Kati ya pande hizi mbili kuna njia ya tatu, ambayo vijana wengi huijua wakiwa wamechelewa.

Chuo cha Madini Dodoma kilianzishwa mwaka 1982. Hupokea wahitimu wa kidato cha nne wenye ufaulu unaotakiwa, huwapa cheti na stashahada katika jiolojia na utafutaji wa madini, uchimbaji na uchenjuaji. Kijana anaweza kuwa fundi wa sampuli mgodini wakati mwenzake wa kidato cha sita anasubiri matokeo.

Kikwazo kikubwa cha njia hiyo kilikuwa ada. Kuanzia mwaka wa masomo 2023/24, Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ilifungua mikopo kwa ngazi ya stashahada katika fani za kipaumbele, na madini na sayansi ya ardhi yakiwemo.

Kwa hiyo wapo wanaouliza: kama mwenye haraka ana Dodoma, na mwenye subira ana chuo kikuu, kidato cha tano kinahitaji jiolojia ya nini?

Jibu liko kwenye kazi zenyewe. Cheti cha Dodoma humwandaa fundi. Kidato cha sita humwandaa mtu atakayebuni utafiti, atakayeandika ripoti ambayo benki itaikopeshea, atakayekaa upande wa serikali mezani wakati mkataba unajadiliwa. Mkoa wenye mafundi wengi na wabunifu wachache huishia kupokea maelekezo.

Butiama, kilipo Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Mwalimu Julius K. Nyerere, suala hili lina uzito wa kihistoria. Husimuliwa kwamba Mwalimu Nyerere alipendelea madini yabaki ardhini hadi Watanzania wenyewe wawe na ujuzi wa kuyachimba. Madini yalikwisha kutoka, kwa wingi. Kuhusu ujuzi, hesabu bado haijafungwa.

Wenzetu wa Karnataka

Wapo waliojaribu kuifundisha jiolojia kabla ya chuo kikuu. Jimbo la Karnataka, kusini mwa India, lina vyuo vya miaka miwili kati ya sekondari na chuo kikuu, ngazi inayolingana na kidato chetu cha tano na sita. Jiolojia ni mojawapo ya masomo ya hiari huko, likichukuliwa pamoja na Fizikia, Kemia au Hisabati, na lina mtihani wa vitendo.

Kinachoufanya mfano huo utufae ni mawe. Karnataka imekaa juu ya miamba ya kale ya aina ileile ya Mara: mikanda ya kijani iliyozungukwa na graniti, na dhahabu kwenye nyufa. Migodi ya Kolar ilichimbwa kwa zaidi ya karne moja, ikashuka kina kilichoifanya itajwe miongoni mwa mirefu zaidi duniani, kabla ya kufungwa mwaka 2001. Idara ya jiolojia ya iliyokuwa dola ya Mysore, leo sehemu ya Karnataka, ilianzishwa mwaka 1894.

Yaani somo halikutangulia mgodi. Mgodi na idara vilitangulia, shule zikafuata.

Uingereza inatoa funzo la upande mwingine. Jiolojia ipo katika mitihani ya ngazi ya juu ya sekondari, lakini ni shule chache zinazoifundisha, na vyuo vikuu vya huko havimlazimishi mwombaji wa shahada ya jiolojia kuwa nayo. Vinataka sayansi kwa jumla. Somo likiwa halina uzito kwenye udahili, shule hulifuta mwalimu mmoja anapostaafu.

> Somo lisilo na uzito kwenye udahili hufutwa siku mwalimu wake anapostaafu.

Kinachowezekana

Ukizipima hoja zote, kuanzisha jiolojia nchi nzima kwa mkupuo kungekuwa kosa. Kuiacha ilivyo ni kosa la pili. Katikati yapo mambo matatu yanayoweza kufanyika kwa mpangilio.

La kwanza halihitaji somo jipya. Taasisi ya Elimu Tanzania na Baraza la Mitihani wanaweza kuipa Jiografia karatasi ya vitendo. Mtahiniwa apewe mawe manne na ramani ya jiolojia, aambiwe ayatambue, aeleze yalivyotokea na aoneshe yanakoweza kupatikana. Kwa Mara sampuli hazinunuliwi. Graniti ipo Nyegina, mwamba wa kijani upo Butiama, mchanga na kokoto za ziwa zipo Musoma.

Mtihani ukibadilika, ufundishaji hubadilika wiki hiyohiyo. Kila mwalimu anajua kisichotoka kwenye pepa hakifundishwi.

La pili ni kombi. Kama tahasusi 49 ziliweza kuongezwa kwa mara moja, kuwa na inayounganisha Fizikia, Kemia na Jiografia si jambo la kuvunja mtaala. Walimu wake wapo, vitabu vyake vipo, mitihani yake ipo. Mwanafunzi angebaki na njia za uhandisi wa mazingira, maji, ardhi na sayansi nyingine, ila mjiolojia asingelazimika tena kuchagua ni mguu gani aukate.

La tatu ndilo jiolojia yenyewe, na hili lingeanza kwa majaribio katika shule chache zilizo jirani na miamba na migodi. Mara ina Musoma Ufundi, ina Kasoma, ina shule za Tarime. Geita, Kahama na Chunya zina zao. Kampuni za madini hutenga fedha za wajibu kwa jamii kila mwaka, na fedha hizo hujenga madarasa. Sehemu yake ingeweza kumlipa mjiolojia mmoja anayezunguka shule tatu, jambo ambalo jengo haliwezi kulifanya.

Sharti la hili la tatu ni Tume ya Vyuo Vikuu kulitambua somo katika sifa za udahili tangu siku ya kwanza. Bila hivyo, vijana wa majaribio watakuwa wameteketeza miaka miwili, na wazazi hawatarudia.

Nani atazisoma ramani

Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, GST, ina mizizi katika idara iliyoanzishwa mwaka 1925. Karne moja baadaye, eneo la nchi lililokuwa limefanyiwa utafiti wa kina wa jiofizikia kwa ndege lilikuwa asilimia 16 tu. Mpango wa Wizara ya Madini uitwao Vision 2030, Madini ni Maisha na Utajiri, unataka lifike asilimia 50 ifikapo mwaka huo.

Ndege itaruka, takwimu zitaingia kwenye kompyuta, ramani zenye rangi zitachapwa. Ramani hizo hazichimbi. Lazima pawe na mtu wa kwenda uwandani na nyundo, akague kama kile kilichoonekana kutoka angani ni mshipa wenye dhahabu au mwamba wa chuma usio na faida. Lazima pawe na mwingine wa kukaa na wachimbaji wadogo wa Seka au Kinyambwiga na kuwaambia, kwa lugha wanayoielewa, leseni yao imekaa juu ya nini.

Aliyeanza kidato cha kwanza mwaka 2026 atamaliza kidato cha sita mwaka 2032, miaka miwili baada ya muda uliowekwa. Yeye ndiye atakayezikuta ramani zikiwa tayari. Selform yake ataijaza mwaka 2029, na walioshika mitaala wana hadi wakati huo kuamua masomo gani yatakuwamo ndani yake.